Taruma na Fundo: Tashbihi ya Reli katika Maelezo ya Seli za Neva

Waandishi wanaowafafanulia wasomaji wa kawaida habari za ubongo wana tashbihi moja waipendayo mno. Ndani ya mkia mrefu wa seli ya neva, husema, mna reli: vijibomba vya protini ambavyo juu yake hupitishwa mizigo kutoka kiwiliwili cha seli hadi nchani. Protini iitwayo tau, iliyotambuliwa mwaka 1975, ndiyo mataruma. Mataruma yaking'oka, reli huporomoka na mtu hupotewa na kumbukumbu.

Tashbihi hii ina sifa zake. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa reli ni nini, na safari ya mizigo ndani ya neva ni jambo la kweli. Kasoro ni kwamba taruma hulazwa likatulia, ilhali tau hushika kijibomba na kukiachia kwa muda usiofikia hata sekunde moja. Vijibomba vyenyewe navyo hurefuka na kufupika, kama ilivyodhihirishwa mwaka 1984. Ni reli gani hiyo ijijengayo na kujibomoa huku mabehewa yakipita?

Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo huongozwa na fosfati. Kimeng'enya kiitwacho kinasi huitwaa fosfati kutoka katika ATP na kuipachika juu ya tau. Kingine, fosfatasi, huipachua. Hapa Kiswahili kina hazina ambayo waandishi hao wameipita bila kuiokota, nayo ni kauli ya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, pachika na pachua. Mzizi ni mmoja, na tendo hutanguka kwa mnyambuliko tu. Fosfati ina chaji hasi, na uso wa kijibomba ni hasi vilevile. Kwa hiyo fosfati ikipachikwa penye sehemu fulani za tau, mshiko wake hulegea. Kupachika huku ni kupachua kule. Taruma haliwezi kubeba maana hiyo. Fundo la kamba katika jukwaa la waashi laweza.

Madhara yake hayaishii katika ufasaha. Mwaka 1986 ilionyeshwa kwamba tau iliyojisokota katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer imebebeshwa fosfati kupita kiasi. Msomaji aliyezoezwa picha ya reli huhitimisha kuwa fosfati ni sumu ing'oayo mataruma. Lakini tau ya kijusi, ambaye ubongo wake ungali wajengwa, ina fosfati nyingi kuliko ya mtu mzima mwenye afya. Nyuzi nyingine za mkia huo, nyurofilamenti, hupachikwa fosfati kwa wingi pasipo ugonjwa wowote.

Jukwaa nalo lina upungufu: huhitaji mwashi wa kulifunga, na ndani ya neva hamna mwashi, bali vimeng'enya ambavyo vingi vyake navyo huamshwa kwa kupachikwa fosfati.