Ahadi ni Deni: Nyumba ya Halima katika Riwaya ya Petina Gappah

Mwaka 1872, akiwa Unyanyembe karibu na Tabora akingoja wapagazi kutoka pwani, David Livingstone aliandika katika shajara yake kisa kidogo cha nyumbani. Mpishi wake, Halima, alikuwa amegombana na mwanamke mwenzake aitwaye Ntaoéka, akaondoka kwa hasira, kisha akarudi kwa hiari yake. Livingstone alimsamehe, akampa nguo ya kujikinga na baridi, akausifu uaminifu na werevu wake, na akaandika ahadi: wakifika Unguja atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani. Mwezi Mei 1873 Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wafuasi wake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, na kuubeba zaidi ya maili 1,000 hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Aliyeahidi alifika pwani akiwa maiti. Aliyeahidiwa alitembea kwa miguu yake.

Juu ya ahadi hiyo Petina Gappah amejenga sehemu ya riwaya yake ya 2019, Out of Darkness, Shining Light. Mwandishi huyu wa Zimbabwe alisomea sheria Harare, Cambridge na Graz, akapata shahada ya uzamivu katika sheria ya biashara ya kimataifa, na kwa miaka mingi alizishauri nchi zinazoendelea kutoka Geneva. Utaalamu huo haukubaki ofisini. The Book of Memory (2015) ni maungamo ya mwanamke aliyehukumiwa kifo, yaliyoandikwa gerezani ili yatumike katika rufaa yake. Rotten Row (2016) imepewa jina la mtaa wa Harare zilipo mahakama za jinai. Katika vitabu hivyo swali hurudi lilelile: nani anaruhusiwa kutoa ushahidi, na ushahidi wake unaandikwa na mkono wa nani?

Swali hilo ndilo linaloipa riwaya ya Halima uzito. Mwanahistoria anaweza kuisoma ile ahadi ya Unyanyembe kama dalili ya wema wa Livingstone. Mwanasheria hawezi kuishia hapo. Anayeahidi kumwacha mtu huru anakiri kwamba mtu huyo si huru, na kwamba ufunguo wa uhuru wake uko mikononi mwa mwahidi. Ndiyo kusema mpinzani mkubwa wa biashara ya watumwa alikuwa akipikiwa na mwanamke aliyenunuliwa. Na ahadi yenyewe ina nguvu gani? Fikihi ya Kiislamu inamtambua mudabbar, mtumwa ambaye bwana wake ametamka kwamba atakuwa huru siku bwana huyo akifa. Livingstone hakuifunga ahadi yake na kifo chake. Aliifunga na safari, na kifo kikaitangulia safari.

Tarehe nazo zina kejeli yake. Tarehe 5 Juni 1873, wiki chache baada ya kifo cha Chitambo, Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga soko la Unguja. Hata hivyo, hali ya utumwa ilibaki halali visiwani hadi 1897, na amri ya mwaka huo iliwaweka kando masuria, waliosubiri hadi 1909. Msafara uliobeba mwili wa Livingstone ulifika katika pwani ambako kuuza binadamu ng'ambo kulikuwa kosa, na kummiliki nyumbani kulikuwa bado haki. Halima wa riwaya, aliyekulia Unguja katika nyumba ya Liwali ambamo mamaye alikuwa mpishi, anaujua ulimwengu huo bila kuusoma katika amri yoyote.

Gappah anamfanya awe msemaji sana, na uamuzi huo ni wa kisanaa na wa kisiasa kwa pamoja. Halima anasengenya, anacheka, anawapima wanaume kwa jicho la mtu anayejua wanakula nini na wanaogopa nini. Anashangaa mtu mzima awaache watoto wake na nchi yake ili atafute mahali mto unapoanzia. Mshangao huo unaifanya jiografia nzima ya karne ya 19 ionekane kama wazimu wa mtu mmoja. Jikoni, katika sehemu hii ya riwaya, pamekuwa mahali pa hukumu. Hata njia iliyotumika kihistoria kuuhifadhi mwili, yaani chumvi na jua, ni maarifa ambayo kila mpishi wa pwani anayatumia kwa samaki.

Kisha riwaya inabadilisha msimulizi. Kalamu inachukuliwa na Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa na wamisheni huko Nassick, India, na ambaye kihistoria ndiye aliyeusindikiza mwili hadi Uingereza na kuwa miongoni mwa walioshika jeneza katika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Jacob anaandika kwa lugha ya mahubiri. Anajiona mwema na haoni anachokitamani. Kejeli ya Gappah hapa ni kali na ya kufurahisha. Lakini Jacob anapewa sehemu kubwa kuliko Halima, tena sehemu ya safari yenyewe, ile ambayo wanawake waliitembea hatua kwa hatua. Wakati miili yao inapoumia zaidi, mateso yao yanasimuliwa na mwanamume asiyewaelewa.

Utetezi upo: ndivyo kumbukumbu zilivyo. Jacob alijua kuandika, Halima hakuandika. Shajara za mwisho za Livingstone zilihaririwa na Horace Waller na kuchapishwa 1874, naye alisaidiwa na Susi na Chuma, wanaume wawili waliopelekwa Uingereza. Hata wanawake waliofanikiwa kusimulia utumwa wao, kama wale ambao Marcia Wright aliwachunguza katika kitabu chake cha 1993, wengi wao walisikika kupitia kalamu za wamisheni. Kwa hiyo riwaya inauiga udhalimu ili iufichue. Utetezi huo una nguvu, ila hautoshi. Mwandishi wa riwaya hana haja ya kungoja hati. Akiisha kumpa Halima sauti inayozidi kila hati, kumnyamazisha kwa kurasa nyingi hakuwezi kusingiziwa makavazi peke yake. Hapa ndipo wakili amemshinda msanii: ameheshimu mno shahidi mwenye maandishi.

Msomaji wa Kiswahili ana jambo lake la ziada. Halima anasema Kiingereza, ila anamwita bwana wake Bwana Daudi, na chini ya sentensi zake Kiswahili kinasikika. Riwaya inasomeka kama tafsiri ya kitabu ambacho hakikuandikwa. Pengo hilo haliwezi kulaumiwa kwa Gappah. Ni deni la fasihi ya Kiswahili, ambayo tangu Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi (1978) imekuwa na njia ya kuingia katika nyumba ya bwana kupitia mlango wa watumishi.

Kwa Mswahili anayeisoma Al Wukair, kusini mwa Doha, mlango huo hauko mbali. Katikati ya jiji, Msheireb, jumba la Bin Jelmood lililofunguliwa 2015 limekuwa makumbusho ya utumwa, katika nchi iliyoufuta 1952. Na katika nyumba za Ghuba, wanawake wa Afrika Mashariki wanapika. Kuwaita hao watumwa ni kukosa adabu kwao na kwa Halima pia: wao wana mikataba, na Sheria Na. 15 ya 2017 ya Qatar inawapa kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku na siku ya mapumziko kila wiki. Tofauti kati ya neno la bwana na haki iliyoandikwa ndiyo tofauti ambayo riwaya hii inamfundisha msomaji kuipima. Lakini ukimuuliza mmoja wao anafanyia nini kazi, jibu litakuwa lile ambalo Halima alilibeba kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo: kiwanja, nyumba, na mti wa kivuli mlangoni.