Kipaza Sauti Kisichopaza: Uhakiki wa Rasimu ya Istilahi za Spika za Kompyuta Kongwe

Rasimu tunayoihakiki hapa ililetwa mezani kwetu ili tuipitie kabla ya kupigwa chapa. Ni mwongozo wa kurasa chache unaowaelekeza mafundi namna ya kutunza na kutengeneza spika ndogo zilizofungwa ndani ya kompyuta za nyumbani za miaka ya 1970 na 1980. Jina la mfasiri hatulitaji, kwa kuwa shabaha yetu ni maneno wala si mtu. Isitoshe, kama msomaji atakavyoona, sehemu ya lawama inaturudia sisi wenyewe.

Huenda mtu akauliza kuna haja gani ya kushughulikia istilahi za mashine zilizokwisha kuondoka madukani. Haja ipo. Apple II ya mwaka 1977, BBC Micro ya 1981, ZX Spectrum ya 1982 na Amstrad CPC 464 ya 1984, zote zilikuwa na spika ndani ya gamba lake, na leo zinahifadhiwa katika majumba ya makumbusho, kama yale ya Cambridge na Bletchley Park huko Uingereza, na mikononi mwa watu wanaozipenda. Zimezeeka, na spika zake zinazeeka pamoja nazo. Kwetu Tanzania mashine hizo zilikuwa adimu majumbani, kwani mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Kompyuta tuliizoea kwanza kama chombo cha ofisini, na msamiati wake tukautunga kwa mahitaji ya karani na mhasibu. Viungo vya ndani, ambavyo fundi ndiye huvishika, tuliviacha bila majina, au tukavipa majina ya haraka.

Jina la haraka kuliko yote ni kipaza sauti. Neno hili limekwisha kubeba mizigo miwili kwa muda mrefu: kile anachosemea mhutubu jukwaani, na kile kinachotoa sauti yake upande wa wasikilizaji. Katika mkutano wa hadhara mchanganyiko huo haumdhuru mtu, maana mwenye kusema "leteni kipaza sauti" huonekana anyooshako mkono. Katika mwongozo wa ufundi hakuna mkono wa kunyoosha.

Tuchukue mfano kutoka katika rasimu yenyewe. ZX Spectrum ina matundu mawili nyuma yake kwa ajili ya kinasa sauti cha kaseti: moja limeandikwa EAR, ambalo hupokea programu kutoka katika kaseti, na jingine MIC, ambalo hupeleka programu kwenda kurekodiwa. Mfasiri ameliita hilo la pili "tundu la kipaza sauti". Kurasa mbili nyuma alikuwa amekwisha kumwagiza fundi "kutoa kipaza sauti kibovu na kutia kipya". Sasa fundi aliyeisoma rasimu kwa makini, na ambaye Spectrum yake imekuwa bubu, atafanya nini? Ataunganisha spika mpya katika tundu la MIC, asikie mnong'ono au asisikie kitu, kisha aamue kwamba mashine nzima imekufa. Kosa hilo si lake, ni letu sisi tuliosanifu neno moja kwa vitu viwili vinavyofanya kazi kinyume: kimoja hupokea sauti na kuigeuza umeme, na kingine hupokea umeme na kuugeuza sauti.

Pendekezo letu ni kwamba neno spika likubaliwe rasmi kwa kitoa sauti, na maikrofoni kwa kipokea sauti. Kipaza sauti liachwe katika mikutano ya hadhara lilikozaliwa. Tunajua pingamizi litakalotolewa, kwamba Spika ni mkuu wa Bunge. Lakini sarufi ya Kiswahili imekwisha kulitatua jambo hilo bila kutungoja. Spika wa Bunge akikohoa tunasema "Spika amekohoa", na spika ya redio ikikohoa tunasema "spika imekohoa". Upatanisho unatosha kututenganishia mheshimiwa na kifaa. Zaidi ya hayo, mafundi redio wamekuwa wakisema spika kwa miaka mingi, na hatujasikia kwamba kuna aliyetatizwa nalo.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo linahusu kitenzi. Kila tatizo la spika katika rasimu hii limeitwa kuoza. Spika isiyolia imeoza, inayolia kwa mikwaruzo imeoza, inayofifia imeoza. Na palipoandikwa kuoza, agizo linalofuata ni "tupa, weka nyingine".

Hebu tutazame yanayotokea hasa. Spika ni sumaku, koili ya waya mwembamba, na koni ya karatasi au ya plastiki inayosukumwa na koili hiyo. Kila sehemu ina namna yake ya kuzeeka, na Kiswahili kina kitenzi kwa kila namna. Karatasi ya koni hukauka, ikakakamaa, halafu huchanika. Gundi inayoshika koili na koni hubanduka. Kutu hujipenyeza katika mwanya wa sumaku, na koili huanza kukwaruza. Waya wa koili hukatika, au huungua. Sponji ya poliurethani ndiyo hasa inayostahili kitenzi kinachokaribia kuoza, kwa sababu unyevu wa hewa huvunja muundo wake wa kikemia, nayo ikageuka kuwa unga au utomvu wa kunata. Hata hapo sisi tungependelea kumumunyuka, kwani anayegusa sponji hiyo huiona ikimomonyoka vidoleni kama andazi lililolala. Tena spika nyingi ndogo za kompyuta hazina sponji katika koni. Iliyopo ni ile iliyobandikwa kuizunguka ili kuziba nafasi kati yake na gamba. Sponji hiyo ikimumunyuka, spika yenyewe huwa bado nzima. Rasimu inaamuru itupwe.

Kisha kuna hali ambayo spika haina kosa lolote. Macintosh SE/30 ya mwaka 1989, ingawa ilikuwa ya ofisini zaidi kuliko ya nyumbani, ni mfano unaojulikana sana. Kapasita zake ndogo za elektroliti huvuja, majimaji yakatambaa juu ya bodi na kula njia za shaba, na dalili ya mapema ni sauti kufifia. Mwenye kusoma "sauti ikififia, spika imeoza" atang'oa spika nzima, atie nyingine, na sauti itabaki vile vile, huku majimaji yakiendelea kula bodi. Kipimo cha kumwokoa ni rahisi, nacho hakimo katika rasimu: kutenga spika na bodi, kisha kugusisha betri ya volti 1.5 kwa nukta moja katika ncha zake. Ikitoa mlio mfupi wa "tak", spika i hai, na mgonjwa yuko kwingine. Kwa mita, spika ya omu 8, kama ile ya Apple II, husoma pungufu kidogo ya 8. Isiposoma kitu, koili imekatika.

Msomaji asidhani kwamba tunabishania uzuri wa maneno. Spika ya asili ikishatupwa hairudi. Katika Apple II kila noti hutokana na programu kugusa anwani moja ya kumbukumbu, na kila mguso huisukuma koni upande mmoja au kuirudisha. Mashine haina chombo kingine cha sauti, na ule ukali wa mlio wake umefungwa katika karatasi na sumaku ile ile.

Hapa ndipo tunapompongeza mfasiri kwa jambo moja: ameandika mlio wa Spectrum, wala hakuandika sauti yake. Ametofautisha vizuri. Mtu ana sauti, kengele ina mlio, na Spectrum ya 1982 iko upande wa kengele.

Hatumpongezi kwa "kompyuta kuukuu". Kuukuu ni sifa ya nguo inayongoja kuwa tambara; msomaji huanza kazi akiwa amekwisha kuidharau mashine. Tungesema kompyuta kongwe, kwa sababu ukongwe una heshima ndani yake.

Limebaki neno moja lililotushinda. Ule ukingo laini unaoshika koni na fremu yake, ambao ndio huchanika kwanza, rasimu inauita "mzunguko", neno ambalo mafundi wanalitumia kwa njia ya umeme; halifai kabisa. Sisi tumefikiria pindo, kwa mfano wa pindo la kanga, maana ni sehemu ya mwisho ya kitambaa na ndiyo hutatuka kwanza. Lakini tumelitunga mezani, mbali na karakana, na tumekwisha kuona matokeo ya maneno ya namna hiyo. Mafundi redio wa Kariakoo, Mombasa, Unguja na kwingineko wanaotengeneza spika kila siku bila shaka wanalo lao. Tunawaomba watuandikie kabla ya rasimu kurudishwa kwa mfasiri, na wakitaja neno waeleze pia linatumika mji gani.