Kotama Juu ya Mnazi

Kabla ya kugusa mnazi, mgema wa Kibiti hushughulika na kotama yake. Huilowesha, huipitisha kwenye kinoo polepole, huigeuza, kisha huyajaribu makali kwa kidole gumba. Kotama butu huponda badala ya kukata, na karara lililopondwa halitoi kitu. Kwa hiyo jua likishachomoza juu ya mikoko ya delta ya Rufiji, bado kinoo hakiharakishwi.

Kisha anapanda, kibuyu kitupu kiunoni, akikanyaga vidato vilivyochongwa kwenye shina. Mguu hauhami mpaka mkono umeshika. Minazi mirefu ya pwani hii hupita mita 20, na huko juu upepo wa bahari hautulii.

Kazi ya kileleni ilianza siku nyingi nyuma. Alichagua karara changa ambalo halijapasuka, akalizungushia kamba kwa kubana, ili shuke lililo ndani lisifunguke kuzaa nazi. Kila siku akaliinamisha kidogo. Mwenye papara hulivunja hapa. Lilipolegea ndipo alipokata ncha, akangoja utomvu udondoke.

Leo anafungua kibuyu kilichokinga usiku kucha, anapuliza nyuki waondoke, anakata. Nimekitazama kipande kilichoanguka: chembamba mno, kikielekezwa juani mwanga unapenya. Sijui fundi mwingine anayekata kwa usawa huo huku mkono mmoja umeshikilia kuti. Akikata kinene, karara litakwisha kabla ya wakati wake. Asipokata kabisa, jeraha litajifunga na utomvu utakauka. Jeraha jipya ni jeupe. Muda si mrefu tone linajikusanya, linaning'inia, linaanguka kibuyuni, na jingine linafuata. Jioni atapanda tena. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Tembo la mnazi huvunwa mara mbili kwa siku.

Tembo halingoji kuteremshwa ili lianze kuchacha. Utomvu una sukari nyingi, na hamira ya asili imo hewani na ndani ya kibuyu chenyewe. Likiteremshwa asubuhi ni tamu, jeupe kama maji ya mchele. Mchana linatoa povu, jioni ni kali, na likilala linaelekea kuwa siki. Huko Etna, mlima wa volkano katika kisiwa cha Sicily, divai nyekundu hupumzishwa kwenye mapipa kwa miezi, na mtengenezaji ana nafasi ya kuonja na kurekebisha. Mgema hana nafasi hiyo. Ubora wote hutegemea mkato na usafi wa kibuyu, ndiyo maana hukisuuza tena na tena, maana masalia ya jana huchachusha la leo kabla ya wakati.

Wapo wanaomdharau mgema kwa sababu ya ulevi wa wanywaji. Naona hawamtendei haki. Jikoni mwa pwani siki ya tembo imekoleza achari, na tembo lenyewe limeumua unga wa vitumbua, hata katika nyumba zisizoligusa kwa kunywa. Ukipita barabara ya Kilwa ukafika Kibiti, litafute asubuhi, likiwa bado tamu, na umlipe mgema bei anayotaja.