Waya Ulioshinda kwa Kukataa

Mwanzoni mwa Desemba 1921, Mmarekani Paul Godley alisimika hema kwenye shamba lililo karibu na bahari huko Ardrossan, magharibi mwa Uskoti. Alikuwa ametumwa na ARRL, chama cha wanaredio wa ridhaa wa Marekani, kutafuta jibu la swali moja: mitambo ya watu binafsi, inayorusha kwenye mawimbi ya mita 200 hivi, inaweza kusikika ng'ambo ya Atlantiki? Jaribio la Februari mwaka huohuo lilikuwa limegonga mwamba. Safari hii, kabla ya katikati ya mwezi, Godley alikwishanakili ujumbe mzima kutoka 1BCG, stesheni iliyojengwa Greenwich, Connecticut, na kurusha kwa wimbi la mita 230 hivi. Hadi anafungasha vyombo vyake, alikuwa amezisikia stesheni zaidi ya ishirini za Marekani.

Sifa za ushindi ule hugawiwa sehemu mbili. Kwanza kwa mtambo wa 1BCG wenyewe, uliotumia wimbi mfululizo badala ya cheche, kwa nguvu ya takriban kilowati moja. Pili kwa redio ya superheterodini aliyokuwa nayo Godley hemani. Edwin Armstrong ana mkono kwenye vyote viwili: alibuni superheterodini mwaka 1918, na alikuwa miongoni mwa waliojenga 1BCG. Sina ubishi na sifa hizo. Ni kweli pia kwamba wapo wanaredio wachache wa Uingereza waliomsikia Mmarekani kwa antena zao za kawaida. Lakini kilichomwezesha Godley kusikia wengi kiasi kile ni waya wenye urefu wa karibu mita 400, uliopita juu ya nguzo fupi za mita tatu na ushee na kuelekezwa magharibi. Katika vitu vyote alivyokuwa navyo pale, waya huo ndio ninaouona kuwa na somo kubwa zaidi kwa anayesikiliza masafa ya chini leo.

Ilikuwa antena ya Beverage. Harold Beverage, mhandisi kutoka Maine, alipata hataza yake Juni 1921, miezi sita tu kabla ya hema la Ardrossan. Aliifanyia kazi pamoja na Chester Rice na Edward Kellogg, wawili ambao baadaye walitengeneza spika ya koili inayotikisika, mama wa spika tulizo nazo majumbani. Kampuni ya RCA ilijenga ya kwake Riverhead, Long Island, ikiwa na urefu wa kilomita 14 hivi, kwa ajili ya mawimbi marefu sana kutoka Ulaya. Mahali pale palikuwa na bahati ya kijiografia. Ulaya iko kaskazini-mashariki, na mikwaruzo ya radi za kiangazi hutoka zaidi kusini-magharibi. Waya mmoja ukaweza kuipa Ulaya sikio na kuzipa radi kisogo.

Jambo la kushangaza ni kwamba antena hii hupokea kidogo sana. Kwenye bendi ya mita 160, nguvu inayofika kwenye redio kutoka waya wa Beverage inaweza kuwa chini ya moja ya kumi ya ile inayoletwa na mlingoti mzuri wa kusimama. Kwa kurusha, waya kama huo ni hasara tupu. Kwa kusikiliza, hasara hiyo haina madhara.

Sababu ni hii. Katika masafa ya chini ya megahezi chache, kelele inayoingia kupitia antena ni kubwa kuliko kelele inayozaliwa ndani ya redio yenyewe. Ukiunganisha antena halafu ukasikia mvumo ukipanda, ujue redio yako haina upungufu wa usikivu. Inachosikia ni anga. Hapo ukiongeza nguvu, ishara na kelele zinapanda pamoja na hujafaidika. Ukipunguza vyote viwili mara kumi, uwiano wao unabaki uleule, na kipaza sauti kidogo kinarudisha kiwango. Kinachobadilisha mambo ni kupunguza kimoja bila kingine, na njia ya kufanya hivyo ni mwelekeo: ishara hutoka upande mmoja, kelele hutoka pande nyingi.

Waya wa Beverage unapataje mwelekeo? Wimbi la redio linalosafiri juu ya ardhi isiyopitisha umeme vizuri huburutwa kidogo miguuni, likainama mbele. Mwinamo huo unalipa sehemu ndogo inayolala sambamba na waya. Wimbi linapotoka upande unaotakiwa, hukimbia pamoja na waya kwa mwendo unaokaribiana na wa mkondo uliomo ndani yake. Kila hatua inaongeza kidogo juu ya kilichotangulia, na mkusanyiko unafika kwenye redio ukiwa kamili. Wimbi linalotoka nyuma nalo hujikusanya, ila kuelekea ncha ya pili, na huko linakuta resista ya omu 450 hivi iliyounganishwa na ardhi. Linageuzwa joto, basi. Mawimbi ya ubavuni hujumlishwa na kutoana yenyewe kwa yenyewe. Ukiiondoa resista, nishati ya nyuma inarudi kama mwangwi, na antena inasikia pande mbili.

Ndiyo maana ardhi kavu ya mchanga au mawe huufaa waya huu kuliko bwawa la chumvi. Juu ya maji ya bahari wimbi husimama karibu wima, na waya haupati cha kukusanya. Urefu nao una masharti: kwenye megahezi 1.83 wimbi moja lina mita 164, na chini ya hapo mwelekeo hufifia haraka. Wahandisi huupima ubora wa kusikiliza kwa kulinganisha kinachoingia upande mmoja na wastani wa kinachoingia pande zote. Mlingoti wa kusimama hupata desibeli 5 hivi. Beverage ya wimbi moja hukaribia 10. Tofauti ya desibeli 5 ni sawa na yule unayemsikiliza kuongeza nguvu kutoka wati 100 hadi zaidi ya 300, bila yeye kugusa kitu.

Asiye na mita 164 za uwanja ana koili. Redio ndogo ya betri ina kijiti cha feraiti ndani yake, na kila aliyewahi kutafuta stesheni ya masafa ya kati usiku anajua kuigeuzageuza mpaka sauti isafike. Watu wengi hugeuza wakitafuta mahali stesheni inaposikika kwa nguvu. Ni afadhali kugeuza ukitafuta mahali kelele inapokufa. Upande wa usikivu wa koili ni mpana, kuigeuza nyuzi ishirini hakuleti tofauti kubwa. Lakini pembe zake kiziwi ni nyembamba na zenye kina kirefu. Ikiwa adui ni mmoja na yuko karibu, kwa mfano chaja ya simu ya bei rahisi, taa ya LED au kidhibiti cha sola cha jirani, pembe hiyo inaweza kumfuta kabisa. Kwa radi za mbali haifui dafu, kwa kuwa mikwaruzo yake hushuka kutoka angani kwa pembe zinazobadilikabadilika.

Radi ndizo zinazonifanya niitazame upya ramani yetu. Bonde la Kongo ni moja ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na Ziwa Victoria hupata dhoruba zake kali usiku wa manane hadi alfajiri. Msikilizaji wa Dar es Salaam anayeelekeza waya wake Japani, nyuzi 55 hivi kutoka kaskazini, anaziacha radi hizo ubavuni na kisogoni. India ni hivyohivyo. Kwa London, nyuzi 335, anaweza kubanabana. Lakini njia fupi ya kwenda New York iko kwenye nyuzi 311, na Ziwa Victoria, ukilipima kutoka Dar, liko nyuzi 312. Ni mstari mmoja. Saa nazo hazisaidii: mwezi wa Desemba giza hutanda katika miji yote miwili kwa pamoja kuanzia saa sita na nusu usiku wetu hadi alfajiri, wakati uleule ziwa linaponguruma.

Kwa mstari huo, kugeuza waya kushoto au kulia ni kazi bure. Linalobaki ni kimo. Mikwaruzo ya ziwani, umbali wa chini ya kilomita 1,000, huweza kufika kutoka juu kidogo angani. Ishara ya New York, iliyosafiri zaidi ya kilomita 12,000, kwa kawaida hushuka chini zaidi, karibu na upeo wa macho. Beverage ya mita 164 haizitofautishi vya kutosha. Ya mita 330 huanza kuibana anga ya juu pamoja na pembeni, kwa hiyo mwenye shamba la kuutosha waya huo aanze na mstari wa kaskazini-magharibi, maana pande nyingine anaweza kuridhika na waya mfupi.