Kielezi "Bado": Maana Moja au Mbili?

Watunga kamusi wamezoea kukipa kielezi "bado" maana mbili zinazopingana: kuendelea kwa jambo, kama katika "bado analima", na kutotimia kwake, kama katika "bado hajalima". Mgawanyo huo, kwa maoni yetu, watokana na Kiingereza, chenye maneno mawili pale petu penye moja. Ukanushi wa "hajalima" umo katika kitenzi chenyewe. "Bado" haina sehemu ndani yake.

Asili yake ni neno la Kiarabu "ba'd", lililotupa pia "baada". Undugu huo wafaa kuzingatiwa: "baada" yaonyesha kwamba mpaka umekwisha kuvukwa, "bado", kwamba haujavukwa. Anayelima hajafika mwisho. Ambaye hajalima hajafika mwanzo. Ndiyo maana twasema pia "bado siku tatu", pasipo kitenzi chochote.

Jambo hili si la wanavyuoni peke yao. Huko Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, katika nchi ya wakulima wa pamba, mtu akiulizwa kama amelipwa naye akajibu "Bado", hakukana tu. Amesema kwamba malipo yangali yakingojewa. Karani akiandika "hakulipwa" badala ya "hajalipwa", amelifunga jambo ambalo mwenyewe ameliacha wazi, na dai lake limedhoofika katika karatasi.

Kwa hiyo kamusi na itaje maana moja, yaani mpaka unaotazamiwa haujavukwa, kisha mifano ifuate.