Busu Lisilo na Mwimbaji: Wimbo wa Wapendanao katika "Otello" ya Verdi

Opera ya Giuseppe Verdi iitwayo "Otello" ilionyeshwa mara ya kwanza katika jumba la La Scala, mjini Milano, tarehe 5 Februari, 1887. Mtungaji alikuwa na umri wa miaka 73, na maneno yalitungwa na Arrigo Boito kutokana na tamthilia ya Shakespeare. Hapa twachungua sehemu moja tu, yaani wimbo wa wawili unaofunga tendo la kwanza, ambamo jemadari Otello na mkewe Desdemona wamebaki peke yao usiku katika kisiwa cha Kupro. Wimbo huu husifiwa aghalabu kwa utamu wake. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haitoshi, kwa kuwa utamu huo waweza kutuficha jinsi wimbo ulivyojengwa.

Yafaa kwanza kukumbuka alilolifanya Boito. Aliondoa tendo lote la Venice, ambamo Othello wa Shakespeare anajitetea mbele ya wazee wa baraza na kueleza jinsi alivyompata mkewe kwa kumsimulia mashaka ya maisha yake. Masimulizi hayo Boito aliyahamishia katika wimbo huu, akayagawa kati ya watu wawili. Utetezi wa hadharani ukawa ukumbusho wa faragha: mume na mke wanasimuliana mambo ambayo kila mmoja anayajua tayari.

Muziki waafikiana na mpango huo. Baada ya dhoruba, ulevi na ugomvi uliotangulia, inasikika selo moja, kisha selo nne zilizofifishwa sauti, ndipo Otello anapoanza. Katika opera za Kiitaliano za zamani, wapendanao walizoea kuimba kwa zamu, kisha sauti zao zikaungana na kwenda sambamba kwa muda mrefu, na mwisho ukaja mwendo wa haraka wa kuwaamsha wasikilizaji washangilie. Verdi mwenyewe alikuwa ametunga nyimbo nyingi za namna hiyo. Hapa ameiacha desturi hiyo. Anapotaja vita, teno huimba kwa ukali, na soprano anapotaja jangwa na uhamisho, okestra hulegea. Kila sauti ina njia yake.

Zinapokaribiana, lugha yenyewe yastahili kuangaliwa. Otello asema kwamba mkewe alimpenda kwa ajili ya misiba yake, naye akampenda mkewe kwa huruma aliyomwonyesha. Desdemona amrudishia usemi huo huo, karibu kwa lahani ile ile, ila nafsi zimebadilishana mahali. Kiitaliano hutimiza jambo hilo kwa viwakilishi vifupi na mwisho wa kitenzi. Kiswahili kingelitimiza kwa viambishi tu, "ulinipenda" ikawa "nilikupenda". Sauti mbili zinapishana kwa muda mfupi, kisha zaachana tena.

Ulinganifu huo wapendeza, lakini una hatari ndani yake. Kila mmoja ametoa sababu ya mapenzi yake, na sababu hiyo ni hadithi iliyosimuliwa na kusikilizwa. Penzi lililosimama juu ya hadithi laweza kuangushwa na hadithi nyingine, na hivyo ndivyo afanyavyo Iago katika tendo la pili, anapomsimulia Otello ndoto ya Cassio. Boito hakupanda mbegu ya shaka kwa onyo la baba yake Desdemona, kama Shakespeare alivyofanya huko Venice. Mbegu ya opera imo katika wimbo wenyewe wa mapenzi.

Baadaye Otello atamani mauti yamkute katika furaha ile, na Desdemona aomba mapenzi yao yasibadilike. Wote wawili waitikia "Amina". Hapo ndipo linapokuja busu, katika ufunguo wa E meja. Lahani yake haiimbwi na yeyote. Imo katika okestra, na waimbaji hutia neno moja moja tu juu yake. Mtu aliyezoea mashairi yetu angeweza kuiita kibwagizo, lakini kibwagizo hurudi kwa zamu iliyojulikana. Lahani hii yatoweka kwa matendo mawili mazima. Hata wimbo wenyewe hauishii katika ufunguo wake, bali wahamia D-fleti meja, nyota zikitajwa juu ya bahari.

Katika tendo la nne Otello aingia chumbani kwa mkewe aliyelala, na lahani ile yarejea anapombusu mara tatu kabla ya kumwua. Yarejea tena anapokufa yeye, akilikatiza neno la busu katikati. Ndipo opera yote inapotulia katika E meja.

Yako malalamiko kwamba wimbo huu wawanyima wasikilizaji raha ya sauti mbili zilizoungana. Sisi twaona kwamba hasara hiyo ndiyo faida yake. Yote yaliyotamkwa na wapendanao Iago aliweza kuyapindua, kwa kuwa silaha yake ni maneno. Lahani ya busu haikuwa na neno la kupindua. Ilirudi kama ilivyokuwa, ikamhukumu Otello bila kumtaja.