Ufundi wa Kumpa Mtu Nafasi Yake

Seremala huacha mlango, mchonga mitumbwi huacha mtumbwi, mfinyanzi huacha chungu. Kiongozi wa timu ya mpira huacha nini? Filimbi ya mwisho ikilia, kazi yake imeisha, na majina yanayoimbwa njiani kurudi nyumbani ni ya wafungaji. Hata hivyo, katika ufundi wote ninaoujua kando ya Ziwa Mweru, huu ndio ninaouheshimu zaidi: kuwatazama watu, kumjua kila mmoja alivyo, kisha kumtafutia mahali ambapo alivyo ndivyo anavyohitajika.

Nchelenge iko ukingo wa mashariki wa ziwa, katika mkoa wa Luapula, Zambia. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Hapa mchezaji ni mvuvi kwanza. Chisense, dagaa wa Mweru, huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri mwezi unapokuwa haupo. Kwa hiyo meneja wa timu ya Kashikishi, papo hapo Nchelenge, hulazimika kuujua mwezi sawasawa na anavyoijua ratiba ya mechi. Anajua beki gani amekesha akivuta nyavu na miguu yake itamudu kipindi kimoja tu. Anajua nani hachezi vizuri asipokula, nani akikemewa mbele ya wenzake hupotea uwanjani, na nani bila kukemewa haamki. Anajua jezi zitafuliwa nyumba gani, lori litaazimwa kwa nani, na ada ya refa itachangwa vipi mwezi ambao ziwa limekataa kutoa samaki. Haya yote hayaandikwi popote. Yamo kichwani mwake, na ndiyo klabu yenyewe.

Nimewahi kumtazama meneja wa namna hii akiwa na kijana mmoja mfupi, mpenda chenga kupita kiasi. Uwanja mzima ulimpigia kelele atoe pasi. Meneja hakumkataza chenga zake. Alimtoa katikati, akampeleka pembeni, kisha akawageukia wengine: huyu akishika mpira, wewe baki nyuma yake, na wewe kimbilia golini mapema. Kijana aliendelea kuwa vilevile. Waliobadilika ni waliomzunguka. Hapo nilielewa kwamba upekee wa mtu hauhifadhiwi kwa kumwacha peke yake. Huhifadhiwa na wenzake waliopangwa vizuri kiasi kwamba anaweza kuwa yeye bila timu kufungwa.

Ufundi huu una mizizi mirefu katika bonde hili. Kashobwe, mji ulio kando ya mto Luapula upande wa Kongo, ndiko alikozaliwa Moïse Katumbi mwaka 1964. Biashara yake ilianzia kwa samaki, na tangu 1997 amekuwa rais wa TP Mazembe ya Lubumbashi. Klabu hiyo ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, kisha ikakaa miongo minne bila kuuona. Iliurudia 2009, ikautetea 2010, na Desemba ya mwaka huo huko Abu Dhabi ikawa timu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Inter Milan ilishinda mabao 3–0, lakini njia ya kufika pale ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

Fedha zilikuwepo, hilo halina ubishi. Ila klabu tajiri zisizoshinda chochote ni nyingi. Kinachonivutia kwa Mazembe ni jicho lililovuka mipaka. Waliletwa Wazambia: Rainford Kalaba, Stophira Sunzu, Nathan Sinkala. Mwaka 2011 aliletwa Mbwana Samatta kutoka Simba ya Dar es Salaam, naye 2015 akaisaidia klabu kutwaa ubingwa wa tano, akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka huo miongoni mwa wanaocheza barani. Yupo mtu aliyemtazama kila mmoja wao katika uwanja wa kwao na kuona kilichokuwa chake, kabla dunia haijakiona.

Kisha ukaja usiku wa Libreville, 12 Februari 2012, usiku wa fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Kwenye maji ya mji huo ndiko ndege ya timu ya taifa ya Zambia ilikoanguka Aprili 1993, ikaua watu wote 30, kumi na wanane wakiwa wachezaji. Siku chache kabla ya fainali, kikosi kipya kilikwenda ufukweni kuweka maua. Kocha wao, Hervé Renard, alikuwa amekwisha kumrudisha nyumbani mchezaji mmoja aliyevunja masharti ya kambi na kukataa kuomba radhi; kumpa mtu nafasi yake hakumaanishi kumpa ruhusa ya kuwabomolea wenzake. Fainali dhidi ya Ivory Coast ikaanza, na dakika za mwanzo tu Joseph Musonda akaumia, akatoka analia.

Hakuna bao lililopatikana, hata baada ya muda wa nyongeza. Ikafika mikwaju ya penalti. Kipa Kennedy Mweene naye alipiga wake, akafunga. Timu zikiwa 7–7, Kolo Touré akakosa. Kalaba angeweza kumaliza kazi, akapiga juu. Gervinho naye akakosa. Ndipo Sunzu, mwenzake Kalaba wa Mazembe, akafunga, Zambia ikawa bingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza. Katikati ya shangwe, Renard alimbeba Musonda mikononi, asiyeweza kutembea, akampeleka kwa wenzake ili ashangilie nao. Ukinitaka nionyeshe ufundi ninaousifu kwa tendo moja, nitaonyesha hilo. Mtu aliyecheza dakika chache alikuwa na nafasi yake katika ushindi, na kocha hakusahau ilikuwa wapi.

Wanamuziki wa Luapula wanaujua ufundi huohuo. Kalindula, muziki uliokulia mkoa huu, umepata jina lake kutokana na chombo cha besi kilichotengenezwa kwa mikono, chenye ngozi iliyowambwa. Besi hiyo haishindani na gitaa la mbele. Inalipatia gitaa ardhi ya kukanyaga. Ukisikiliza bendi nzuri ya kalindula, unaweza kufuata kila chombo kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukipoteza. Ng'ambo ya ziwa, Katanga, mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco aliifanya kazi hiyo akiwa peke yake. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, kidole gumba chake kilishika besi na kidole cha shahada kikaimba juu yake, hadi msikilizaji akadhani wapo wapigaji wawili. Hata mtu mmoja, basi, ana watu kadhaa ndani yake wanaohitaji kupangwa.

Filamu imenifundisha upande wa pili wa jambo hili. Rungano Nyoni, aliyezaliwa Lusaka na kukulia Wales, alitoa mwaka 2017 filamu ya I Am Not a Witch. Ndani yake msichana mdogo aitwaye Shula anatuhumiwa uchawi, anafungwa utepe mweupe mgongoni kama wanawake wengine waliotuhumiwa, na anaambiwa achague: akubali kuwa mchawi, au akate utepe ageuke mbuzi. Wale wanaomwamulia wamempa mahali bila kumtazama. Hakuna anayeuliza yeye ni nani, anaweza nini, anacheka kwa lipi. Ni kazi ileile ya kuwapangia watu mahali, lakini bila jicho, nayo huua. Mwelekezi mwenyewe anafanya kinyume: kamera yake inakaa usoni kwa mtoto huyo kwa subira mpaka tumjue.

Ninaamini kwamba hii ndiyo tofauti kati ya kutawala watu na kuwaongoza, na kwamba hujifunzwa mahali padogo kabla ya pakubwa. Serikali inapofunga uvuvi kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, vijana wa mwambao huu hupata muda, na viwanja vya mchanga hujaa. Wanaowapanga hawana mshahara wala cheti. Wana daftari, mpira mmoja, na kumbukumbu ya kila jina. Ningependa wilaya iwahesabu kuwa mafundi kama inavyowahesabu waunda mitumbwi: wapewe mafunzo, wapewe njumu za kugawa, na siku ya kombe waitwe mbele kwa majina yao. Mtoto aliyekwisha kuonwa na mtu mmoja makini, akiwa na miaka kumi na miwili, hujua maisha yake yote kwamba anaonekana, na huanza kuwaona wengine.